Foleni ya Gisimenti

Mdogo wangu Bertrand anazijua barabara za Kigali kuliko anavyojijua mwenyewe, na hilo silisemi kwa kumsifu. Mwambie unatoka Kimironko unakwenda Nyamirambo. Kabla hujameza mate ameshakuambia usipite wapi. Ndiyo kazi inayomlisha. Yuko kwenye kampuni moja ya washauri, ofisi ya vioo na kahawa ya bure, na kutwa wanachambua mtandao wa barabara za mji: magari yanatoka wapi, yanakwenda wapi, yanakwama wapi, na ukifunga njia hii, ile ya pili itapumua au itakabwa. Simu za madereva na za wamotari, yaani waendesha pikipiki wetu, zinatuma habari za mwendo wao, na kompyuta inazipaka barabara rangi. Kijani, watu wanakwenda. Nyekundu, wamekwama.

Mama alimwonea fahari mpaka inachosha. Jina lake Pudentienne, lakini Gisimenti nzima ilimwita Mama Claudette, kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba wake. Alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na Kiswahili alikuja nacho kutoka huko pamoja na masufuria yake. Mgahawa wake ulikuwa nyuma ya baa, kwenye kichochoro kinachoishia ukutani: isombe ya majani ya muhogo, ndizi, maharage, na siku ya Ijumaa samaki wa mukeke, ambao Warundi wa Remera nzima walikuja kuwala kimyakimya wakikumbuka kwao. Kichochoro hakina jina. Ukipanda pikipiki unasema "kwa Mama Claudette", basi.

Alasiri moja, wateja wa mchana wakiwa wameshaondoka, Bertrand alikuja akamkuta Mama na Béatha wanachambua maharage. Béatha ndiye aliyepika naye miaka yote, mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Bertrand alikuwa amefurahi, kazi yake fulani imekubaliwa, na akitaka kumweleza Mama kitu haoni haya. Akachota maharage kwenye ungo akayapanga mezani. Hii Sonatubes, hii Giporoso, hii Gisimenti. Akalowesha kidole kwenye glasi ya maji akachora mistari kati yake.

"Unaona, Mama? Kila njia panda ni punje. Kuna punje ukiiondoa hakuna kinachoharibika. Na kuna punje ukiiondoa mji mzima unachechemea, kwa sababu watu wa kila upande lazima waipitie. Sisi tunatafuta hizo."

Mama aliinama akaitazama meza kama mtu anayetazama picha ya harusi aliyokuwepo. "Na mimi? Niko wapi hapa?"

"Wewe haumo."

"Simo namna gani, na umesema hii ni Gisimenti?"

"Kichochoro chako hakitoki, Mama. Njia isiyotoka tunaifuta kabla hatujaanza hesabu. Hakuna anayeipita kwenda kwingine, kwa hiyo haibadilishi kitu."

Mimi ningemtupia ungo. Mama alicheka tu. Akachukua punje moja, nyekundu, nono, akaiweka karibu na ile ya Gisimenti. "Basi mimi ni hii hapa. Mimi watu hawanipiti, mwanangu. Mimi watu wananifikia." Béatha akagonga meza kwa kucheka, mistari ya maji ikavurugika. Jioni maharage yote yaliingia chunguni, Sonatubes na Giporoso pamoja.

Nayasema haya ili ujue kwamba Bertrand hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda mama yake. Kila alipokuwa na habari njema, alimpelekea yeye kwanza, mimi nikiisikia keshokutwa.

Halafu figo za Mama zikachoka. Alilala hospitali muda mrefu, akawa mdogo kitandani, mikono ile iliyobeba masufuria ikabaki ngozi na mishipa. Siku moja tulikuwa wote wawili pale, mimi nampaka mafuta miguuni, Bertrand amekaa na kompyuta yake mapajani. Mama alifungua macho akasema kana kwamba anaendeleza mazungumzo tuliyoyaacha.

"Siku mkinipeleka, mnipitishe Gisimenti. Msinishushe, najua mtakuwa na haraka. Mnipitishe tu, Béatha anione. Na mimi nipaone."

Nilitaka kumwambia aache maneno hayo. Bertrand akaiweka kompyuta sakafuni, akamshika mkono. "Nitakupitisha, Mama. Kupitisha watu si ndiyo kazi yangu?" Mama akatabasamu akalala. Huo ndio ulikuwa wosia wake wote. Hakuomba jeneza la bei, hakuomba kwaya, hakuomba lolote jingine.

Alituacha Jumatano. Msiba ukawekwa nyumbani kwetu Kicukiro, chini kidogo ya Sonatubes, na kila jioni watu walikuja kukaa nasi. Béatha naye alikuja, akakaa karibu na mlango wa jikoni. Alipoaga siku ya Ijumaa alituambia mimi na Bertrand: "Kesho sisi hatuji kanisani. Tutamungojea pale barabarani, kwenye kichochoro kinaanza. Mutamupitisha, si ndiyo?"

"Tutampitisha, Mama Béatha," alisema Bertrand.

Jumamosi misa ilirefuka. Watu walikuwa na mengi ya kusema juu ya Mama, na kwaya ilikuwa na mengi ya kuimba. Bertrand alikaa benchi la mbele, suti nyeusi, simu kwenye goti. Alikuwa amepanga safari nzima tangu alfajiri: saa fulani tunatoka kanisani, saa fulani tuko Gisimenti, saa fulani tuko Rusororo makaburini, ambako familia nyingine ilikuwa imepangiwa baada yetu. Kila wimbo ulipoongezwa nilimwona anaisogeza simu karibu na macho. Sikumlaumu. Kila mtu ana namna yake ya kujizuia asianguke, na yake ni hiyo.

Tuliondoka tumechelewa. Padri alitangulia makaburini. Bertrand alipanda mbele kwenye gari la jeneza, pamoja na dereva anayeitwa Révérien, mtu mpole ambaye hufanya anachoambiwa. Mimi nilikuwa gari la pili na shangazi yetu Gahongayire, dada yake marehemu baba, aliyekulia Uganda na ambaye kwake kuchelewa ni dhambi inayostahili kitubio. Nyuma yetu msafara, taa zote zikipepesa.

Tulipofika Sonatubes niligeuza kichwa kuangalia kijiwe cha wamotari. Siku zote pamejaa, makoti, kofia, kelele za "twende, twende". Siku hiyo palikuwa patupu. Jumamosi mchana, wateja tele, hakuna pikipiki. Nilishangaa kidogo, halafu nikalisahau, kwa sababu mbele yangu lilikuwepo jeneza la mama yangu.

Barabara inapanda kutoka hapo mpaka Giporoso. Ukifika juu, kulia ni njia ya uwanja wa ndege, ndiyo ya makaburini. Kushoto ni Gisimenti, mwendo wa kuimba nyimbo mbili tu. Nilikuwa nimeshika rozari ya Mama. Tulipokaribia njia panda, taa ya gari la jeneza ikaanza kuwaka na kuzima. Upande wa kulia.

Nilidhani Révérien amekosea. Nikampigia Bertrand.

"Kushoto, Bertrand! Mwambie kushoto!"

"Yaya, kushoto kumekufa." Yaya ndivyo Mama alivyotufundisha, kwa desturi ya Buyenzi, kumwita mkubwa wako. "Ni nyekundu tupu mpaka Gisimenti. Ni foleni ya mechi, leo kuna mechi uwanja wa Amahoro. Tukiingia humo hatutoki."

"Mama alisema kushoto."

"Najua alichosema, yaya, nilikuwepo. Padri anangoja, familia nyingine inangoja. Naiangalia hapa, haisogei kabisa. Tutapita tukirudi."

"Tukirudi tutakuwa na nani?"

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haikupokelewa. Gari la jeneza likakata kulia, na dereva wetu akalifuata, na waliokuwa nyuma wakatufuata sisi, msafara mzima, taa zikipepesa. Nilibisha kwenye kioo kwa ngumi kana kwamba Mama angesikia. Shangazi Gahongayire akanishika mkono. "Mwache, mtoto. Yeye ndiye anazijua barabara."

Barabara ilikuwa kijani, kama alivyosema. Tulikwenda bila kusimama. Tulikwenda vizuri mno hata, pamoja na kuchelewa kule kanisani, tukafika mapema kuliko ilivyotakiwa. Familia iliyotutangulia ilikuwa bado inaimba juu ya kaburi lake, na sisi tukasimama kando, kwenye jua, na jeneza letu, tukisubiri. Bertrand alisimama peke yake akitazama viatu vyake. Nilitaka kwenda kumtukana hapohapo mbele za watu. Kilichonizuia ni Mama, asingependa.

Tukamzika. Udongo wa Rusororo ni mwekundu, unashika mikononi.

Kwetu, waliotoka kuzika huenda kunawa mikono kabla ya kukaa. Mabeseni yalikuwa yamewekwa kwenye lango la nyumba, vijana wakishika majagi, na watu wakapanga mstari, wakinawa, wakiingia uani. Tulikuwa tumekwisha kukaa, soda zinagawiwa, Béatha alipofika na wanawake wa Gisimenti. Walikuwa wamevaa mishanana, yale mavazi yao ya heshima yenye shuka lililofungwa begani, yaliyopigwa pasi vizuri. Vumbi lilikuwa limewapanda mpaka magotini.

Kijana mmoja akainua jagi ammwagie Béatha maji. Béatha akarudisha mikono yake nyuma.

"Mimi sinawi," alisema. "Sijazika mutu. Mikono yangu iko safi."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Kijana akabaki na jagi lake hewani. Bertrand akasimama kutoka kwenye kiti chake, akaenda mpaka langoni.

"Mama Béatha, unisamehe. Kulikuwa na foleni ya mechi. Njia ilikuwa imefungwa kabisa, tusingepita."

"Mechi gani?" Béatha alimtazama. "Mechi iko saa mbili ya usiku, mwana wanjye. Ile saa mechi ilikuwa haiko."

"Lakini njia ilijaa. Niliiona."

"Eh, ilijaa. Ilijaa sana." Béatha akageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa. "Tulifagia kile kichochoro tangu asubuhi, tukamwaga maji, vumbi ilale. Halafu watu wakaanza kuja. Mimi nilisema tutakuwa wanawake watano, sita. Wamotari wa Sonatubes wakakuja wote, wa Remera wakakuja, wakapanga pikipiki huku na huku, wakatoa kofia. Warundi wa mukeke wakakuja. Wale wa baa wakafunga baa. Magari yakawa yanapita polepole, mengine yanasimama, yanauliza nani amekufa, na wakisikia jina wanashuka. Polisi akakuja, nikasema leo tumekwisha. Akauliza ni nini. Tukamwambia ni Mama Claudette. Kumbe naye alikuwa anakula pale. Akasimama na sisi, anatushikia njia, anasema, jeneza ikitokea nitasimamisha kila kitu, ipite peke yake."

Akapangusa uso kwa ncha ya mshanana.

"Tukangoja. Kila gari nyeusi tulisema ni yeye."

Bertrand alitoa simu mfukoni. Nilikaribia nimpokonye, nikidhani anataka kujificha humo tena. Lakini alikuwa anafungua ile ramani ya ofisini kwao, ambayo huweka kumbukumbu ya saa zilizopita, akairudisha nyuma mpaka saa ile tuliyokuwa njia panda. Mimi nilikuwa begani kwake na nikaona alichokiona yeye. Mstari mwekundu ulianzia Giporoso ukaenda kushoto, ukazidi kukolea, halafu ukaishia ghafla, mahali ambapo kwenye ramani hapakuwa na njia panda wala chochote. Mbele ya hapo, kuelekea uwanja wa mpira, barabara ilikuwa kijani.

Ilikuwa mdomo wa kichochoro. Kile alichokifuta.

"Ni wao," alisema. Hakumwambia mtu. "Yaya, ile nyekundu ni wao."

Nisiwe mnafiki nikasema nilimhurumia. Niliwaza watu wale wote wakiwa wamevua kofia juani, na Mama akiwa upande wa pili wa kona, ndani ya sanduku, anageuzwa na mwanawe wa kumzaa. Nikamwambia mbele ya kila mtu, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Umemkwepesha mama yako watu wake. Walikuja kumuaga, ukamkimbiza."

Shangazi Gahongayire akaguna. Bertrand akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mwanafunzi anayekubali alama zake. Halafu akakaa chini, pale langoni, suti na yote, kwenye matope ya maji ya kunawia. Béatha ndiye aliyeinama. Akamshika kichwa akakisogeza kwenye tumbo lake. "Ihangane," alimwambia, neno letu la kumpa mfiwa pole. "Ihangane, mwana wanjye. Alijua tutakuja. Yeye alijua."

Labda alijua. Lakini hakuwaona, nao hawakumwona, na aliomba hilo moja tu.

Jumatatu Bertrand alikodi basi dogo akawapeleka Rusororo, Béatha na wanawake wenzake. Sikwenda. Niliambiwa Béatha alipiga magoti akashika udongo kwa viganja viwili, akakaa nao muda, na waliporudi akanawa mikono nyumbani kwetu, akaingia jikoni kunisaidia kumenya ndizi. Siku ya kumaliza matanga tulikunywa, tukamkumbuka Mama kwa vituko vyake, watu wakacheka, wakaenda makwao. Mgahawa ukafunguliwa tena. Ijumaa kuna mukeke kama kawaida, ingawa pilipili ya Béatha haijawa ya Mama na haitakuwa.

Mimi na Bertrand tulikaa bila kuzungumza kwa muda, halafu tukazungumza. Ni mdogo wangu, nitampeleka wapi? Siku hizi huja kwangu Jumapili kula. Anakaa Kimironko, na njia ya kuja Kicukiro anaijua akiwa amefumba macho. Ziko mbili tatu za haraka, alizonifundisha mwenyewe. Lakini huchelewa kila mara. Chakula kinapoa, watoto wanalia njaa, mimi nafoka. Nikimuuliza alikuwa wapi anajibu kwa mkato: "Foleni." Baadaye mmotari mmoja ndiye aliyenipa habari. Bertrand hupita Gisimenti kila Jumapili, saa wanayotoka makanisani, barabara ikiwa imefurika. Anateremsha kioo, anatulia kwenye foleni hapo karibu na kichochoro. Watu wakimpigia honi nyuma, hata hageuki.

Sikumwambia kwamba najua. Nilianza tu kuchelewesha kupika.

Jumapili iliyopita alifika wakati sufuria bado liko jikoni linachemka. Nikasikia gari, nikatoka nikijifuta mikono, nikataka kumtania.

"Leo umewahi! Vipi, ofisi imegundua barabara mpya?"

Alikuwa amesimama uani, funguo mkononi, hajafunga hata mlango wa gari.

"Hakukuwa na foleni, yaya," alisema.

"Si vizuri?"

"Nimepita pale. Kijani tupu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nimeenda polepole, nimeenda polepole sana, lakini hakuna aliyesimama. Hakuna mtu, yaya. Nimepita tu."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia hospitali, hakulia kanisani, wala pale langoni siku Béatha alipomshika kichwa. Alilia akiwa ameshikilia mlango wa gari, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na watoto wangu wakatoka ndani wakasimama barazani wakimwangalia. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Nikampa maji anawe, nikaenda kuangalia kama maharage yameiva.